Sauti ya Upande wa Kushoto

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Tukubaliane hapo mapema, maana hata mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakuonyesha mpaka mahali aliposimama akiwa mjinga: duka la vyombo vya umeme, mbele ya kabati la vioo, hedifoni masikioni, macho kayafumba kama anayeomba dua, na mchumba wake pembeni anamtazama kwa fahari.

Watu wa kazi yake walimwita Masikio. Alikuwa fundi mitambo, yule mtu ambaye ukumbini hatazamwi na yeyote mpaka spika zipige yowe, ndipo wageuke wote kwa pamoja. Za kwake hazikupiga yowe. Alikuwa akisimama katikati ya ukumbi mtupu, anapiga kofi moja, anasikiliza linavyorudi, kisha anasema spika ile isogezwe hatua mbili. Ikisogezwa, kweli, maneno yananyooka.

Mchumba wake alikuwa mkunga. Wodi yake ya wazazi ilikuwa imepiga marufuku simu vitandani, tangu shangazi wa mtu apige mara nne kuuliza "bado?" wakati mwenyewe anasukuma. Lakini Matroni alikubali kitu kimoja: kicheza muziki kidogo kisichopokea simu ya shangazi yeyote, ili kina mama wapate cha kusikiliza uchungu unapokuwa mrefu. Sharti lake kiwe na sauti safi. Cha kwanza walicholetewa kililia kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo, na mama mmoja alikivua akakitumbukiza kwenye beseni.

— Mimi sijui vitu hivi, Mkunga alimwambia. Mwenye masikio ni wewe. Utakachokipenda wewe ndicho nitakachopeleka.

Basi vikapangwa vitatu juu ya kioo: chekundu chepesi, cha rangi ya fedha, na cheusi kizito kama kipande cha sabuni ya kufulia. Muuzaji, dada mwenye kalamu aliyoichomeka kwenye nywele, akataka kufungulia mpaka mwisho ili mteja aone nguvu. Masikio akamzuia. Akaeleza, kwa ile sauti ya mwanamume anayejua mchumba wake anasikiliza, kwamba ukifungulia sana hata chombo kibovu kinajifanya kizuri. Sauti hupimwa ikiwa ndogo. Weka wimbo uleule kwenye vyote vitatu. Sikiliza pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza neno. Sikiliza besi kama inagonga au inavimba tu. Mkunga akatabasamu mpaka mashavuni. Kisha simu yake ikaita, ya kazini, akatoka nje kuipokea.

Masikio akabaki peke yake na siri yake. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa.

Wiki tatu nyuma aliamka asubuhi akadhani amelilalia vibaya. Akalitikisa, akalipiga piga, akatia maji akamwaga. Ndani mlikuwa na filimbi nyembamba isiyovuta pumzi. Akawasha redio ya mezani, akaiinamia kwa upande ule, akahisi inatetemeka shavuni, na hakuna hata neno moja lililoingia. Mtu ambaye mkate wake umo masikioni akikutana na jambo kama hilo hapigi kelele. Anakaa chini polepole.

Alikwenda kwa daktari wa masikio bila kumwambia mtu. Daktari akachungulia kwa kile chombo chenye taa, akaandika, akasema kuna kipimo cha mashine, arudi upesi, na asije peke yake, aje na mtu wa nyumbani. Masikio hakuchukua jingine zaidi ya hilo la mtu wa nyumbani. Kwa akili yake, daktari hakuagizi uje na mtu ila kama kuna habari ya kukuangusha. Labda na la kulia linafuata. Alitoka pale kama anayekwenda kununua maji, na maji hayo hajayapata mpaka leo.

Tangu hapo akawa anaishi kwa kujibanza. Kitandani alilalia sikio zima kwa mazoea, akagundua kwamba hapo hasikii kitu ila filimbi, akaruka kukaa. Njiani alimweka Mkunga kulia kwake, na Mkunga akadhani ni mapenzi ya kizamani. Na kwa yale yaliyompita, alijiwekea majibu matatu ya akiba, aliyoyaona yanafaa kwa jambo lolote chini ya jua: "Sawa", "Haina neno", na "Utakavyo wewe". Harusi ilikuwa imebakiza siku thelathini na moja. Alipiga hesabu kwamba majibu matatu yatamfikisha.

Sasa pale dukani akakivaa chekundu, akasikiliza kwa nusu yake. Akavaa cha fedha. Akavaa cheusi, na hicho cheusi upande wa kulia kilikuwa kitamu kweli: pumzi ya mwimbaji ilimgusa mpaka kooni. Machozi yakamlenga. Akavua hedifoni, akakigonga kidole.

— Hiki.

Muuzaji akainama kufungua kabati la chini, upande wa kushoto wa Masikio, feni ikipuliza juu yao. Masikio aliona midomo ikicheza. Aliona kalamu kwenye nywele ikitikisika. Dada wa watu alisema maneno mengi, akanyanyua uso, akasubiri.

— Sawa, dada. Haina neno, Masikio akasema.

Muuzaji akamtazama kidogo, akauliza tena jambo, fupi zaidi.

— Mimi ni fundi, akamtuliza kwa tabasamu. Utakavyo wewe.

Basi akafungiwa cheusi.

Walipotoka, alikuwa anatembea kama aliyevishwa nishani. Wakafika kwenye kivuko, akashuka barabarani, na kitu kikamvuta kwa nyuma kwa nguvu mpaka kifungo cha shati kikaruka. Pikipiki ikapita mbele ya pua yake, dereva wake kageuza shingo anatukana. Masikio aliyaona matusi. Pikipiki ilitokea kushoto.

— Hukusikia honi? Mkunga aliuliza, bado amemshika shati. Amepiga kuanzia kule kwenye kona.

— Nilikuwa nawaza harusi.

— Iwaze ukiwa juu ya kingo, mwenzangu. Nilikuwa nataka bwana harusi, siyo picha yake ukutani.

Akacheka, naye akacheka. Lakini usiku huo Masikio alihesabu mara ngapi kwa siku moja kitu kinaweza kutokea kushoto. Alipofika ishirini aliacha.

Siku ya tatu alikuwa ukumbini, anafunga mitambo ya mkutano wa jioni. Alipiga magoti karibu na ukuta akikunja waya, kwa mtindo wake, duara moja juu na moja chini ili usijisokote. Dereva wa gari la vyombo alikuwa juu ya ngazi, hatua chache tu, anafunga taa. Masikio akanusa sabuni ya hospitali, ndipo akajua Mkunga yuko pale. Alikuwa amechuchumaa kushoto kwake, na kulia kulikuwa na ukuta.

Hakugeuka upesi, maana kugeuka upesi ndiko kunakofichua watu. Akaendelea kukunja waya huku anamwona kwa pembe ya jicho. Midomo ilicheza kidogo.

— Sawa, mama, akajibu.

Ikacheza tena.

— Haina neno.

Mara ya tatu midomo ilichukua muda. Ilisimama katikati, ikaendelea.

— Utakavyo wewe, mpenzi wangu, Masikio akasema kwa upole wote aliokuwa nao, akamgeukia na tabasamu.

Mkunga alikuwa analia. Hakulia kwa sauti, yalikuwa yanateremka tu. Akanyanyuka, akajifuta kwa mkono wa sare yake, akaondoka bila kuangalia nyuma, na Masikio akabaki na waya mikononi hajui amekubali nini.

Ndugu yangu, kuna hofu ya simba na kuna hofu ya mtu aliyetia sahihi bila kusoma. Hii ya pili haina hata pa kukimbilia.

Simu ikatikisika mfukoni. Ujumbe: *Asante kwa kunijibu. Nimepata nilichokuwa nakitafuta.*

Akaandika: *Jibu gani tena mpenzi?* Akafuta. Akaandika: *Ulisemaje pale?* Akafuta hilo haraka zaidi, kana kwamba limemchoma. Kidole kikatafuta mahali salama, na mahali salama pekee alipopajua ni pale pa siku zote. Akatuma: *Sawa mama.*

Jibu likarudi kabla hajameza mate: *Sawa tena.*

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga ya pili, ikakatwa. Akamwita Dereva ashuke, akajikaza, akatengeneza sauti ya kutojali, akauliza eti shemeji yake alionekanaje leo.

Dereva alishuka ngazi taratibu, akamtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa.

— Bwana Masikio, wewe ni mwanamume wa chuma.

— Kwa nini?

— Mimi ningeanguka. Mtu anakuja kazini kwako, anakwambia harusi imevunjika, nawe unakunja waya. "Utakavyo wewe, mpenzi wangu." Na tabasamu juu.

Waya ukamtoka mikononi, duara zote zikafumuka sakafuni.

— Alisema nini?

— Kwani hukuwepo? Alisema harusi anaivunja, kila mtu ashike njia yake. Nilisikia mimi niliye juu ya ngazi, wewe uliyenong'onezwa...

Dereva alitazama ukuta, akatazama mahali Mkunga alipochuchumaa, akatazama kichwa cha Masikio, kwanza kulia, kisha kushoto.

— Toba, alisema polepole. Masikio.

— Angalia miksa yangu, Masikio akasema. Usiguse kitu. Bosi akiuliza, sema lolote.

Akatoka mbio. Kwenye kila barabara aligeuza kichwa kizima kushoto kama kuku anayesikilizia mwewe, akageuza tena, akavuka amefumba jicho moja. Filimbi ilikuwa imepanda sikioni mpaka ikawa king'ora. Aliona magari yanakuja kimya, watu wanafumbua vinywa kimya, na wazo moja lilikuwa linamkimbiza: hivi ndivyo itakavyokuwa siku zote, na peke yangu.

Kwenye mlango wa wodi ya wazazi mlinzi alimuuliza anamtaka nani. Akasema anamtaka Mkunga. Mlinzi akauliza yeye ni nani wake, na kwa mara ya kwanza tangu wiki tatu zile Masikio hakuwa na jibu la akiba. Alisimama tu kinywa wazi, shati halina kifungo, jasho linadondoka. Mlinzi, aliyezoea kina baba wa namna hiyo, akamwonyesha benchi akamwambia apumue kwa pua.

Mkunga alitoka baada ya muda. Hakuwa analia tena, na hilo lilimtisha zaidi. Akaja akakaa kushoto kwake.

Masikio akanyanyuka kistaarabu, akazunguka, akakaa upande wa pili ili Mkunga awe kulia. Mkunga akanyanyuka, akazunguka, akakaa kushoto. Akasogea. Akasogelewa. Wakaendelea hivyo mpaka akafika ukingoni mwa benchi, nusu ya makalio hewani, na benchi likaisha. Mlinzi kule mlangoni aliwatazama kama anayetazama ngoma mpya.

Mkunga akatoa kicheza muziki cheusi mfukoni. Akachukua kipande cha kushoto cha hedifoni, akakitia kwenye sikio la kushoto la Masikio kwa vidole vyake vya kikunga, taratibu, kama anayegusa kichanga. Akabonyeza. Akainama mbele ili uso wake uonekane.

— Wanaimba nini?

Majibu matatu yakajipanga kooni kwa foleni. Masikio akayatazama moja moja. Yote yalikuwa yamechakaa.

— Sisikii, akasema.

Neno lenyewe dogo. Lilipotoka, akaificha mikono katikati ya magoti.

— Tangu lini?

— Wiki tatu. Ulijuaje?

Mkunga akasimulia. Mama wa kwanza kuvalishwa kile kicheza muziki alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Wakamwekea wimbo wa watu wawili, mwanamke anauliza na mwanamume anajibu. Sauti ya kike imetiwa kushoto, ya kiume kulia. Baada ya dakika chache yule mama, katikati ya uchungu wake, akamshika mkono akamuuliza: nesi, huyu mwanamume anajibu nini, mbona hakuna anayemuuliza?

— Nikavaa mimi, Mkunga alisema. Kweli, kushoto kimya. Mwanamume anakubali, anabembeleza, anasema sawa sawa, na hakuna anayezungumza naye. Nikajiuliza, mwanamume wa hivi nimemwona wapi?

Alikwenda dukani amefura, tayari kumvua yule dada kalamu yake. Muuzaji akashangaa. Akasema alimweleza mteja waziwazi: hicho cheusi ni cha maonyesho, upande wa kushoto haulii, kipya kitakuja kesho. Mteja akasema haina neno. Akamuuliza tena, una uhakika? Akasema yeye ni fundi. Kwa hiyo akajua atakwenda kukitengeneza mwenyewe.

— Nikamuuliza, ulipomwambia ulikuwa umesimama upande gani? Akanionyesha. Alinipa kipya bila maneno, ndicho hiki. Nikakumbuka ile pikipiki. Nikakumbuka unavyonizungusha kila njia kama naendeshwa na mshale wa saa. Nikaja ukumbini. Nikakwambia mama yangu amelazwa. Ukasema sawa. Nikakwambia shati lako linaungua. Ukasema haina neno. La tatu unalijua?

— Dereva ameniambia.

— Umelijua kwa Dereva.

— Ulikuwa unanipima tu, si ndiyo? Niambie ulikuwa unanipima.

Ndani ya wodi mtu alipiga ukelele mrefu, kisha sauti za wanawake zikamtuliza.

— Umeshamwona daktari wa masikio? Mkunga aliuliza.

— Nimemwona. Kuna kipimo. Akasema niende na mtu wa nyumbani.

— Ukampeleka nani?

— Nilikimbia.

— Mtu wako wa nyumbani ni nani?

Masikio akatazama sakafu. Akaanza kueleza, maneno yakikanyagana. Kwamba anaogopa. Kwamba kila akilala anaogopa kuamka na la kulia limekwenda. Fundi mitambo nusu kiziwi, nani atamwita ukumbini? Watamwitaje, watabadilisha jina? Na yeye Mkunga alimpenda kwa masikio hayohayo, alimwambia hivyo siku ya kwanza, kwamba amechoka na wanaume wasiosikiliza. Sasa amletee nini, hasara?

— Leo kipimo kipo, Mkunga alisema. Nilipotoka ukumbini nilimpigia simu daktari wa masikio. Tunakwenda sasa hivi, Matroni amenipa ruhusa.

— Si leo. Tufunge ndoa kwanza, nakuomba. Siku ishirini na nane tu. Tukishafunga nitakwenda mwenyewe, nakuapia.

— Kwa nini baada ya ndoa?

— Basi tu. Mambo yatakuwa yametulia.

— Ili nisiweze kuondoka.

Alikuwa amegusa pale pale penye kidonda. Masikio akahisi machozi, akaacha yaje.

— Ndiyo, akasema. Naogopa hilo kuliko sikio. Daktari akiniambia na hili jingine linakwenda, utaniacha. Hutasema leo, wala kesho. Utakaa kwa huruma, halafu siku moja utaniacha, na mimi sitasikia hata mlango. Siwezi, mama. Siku hiyo nitakufa.

Mkunga akasimama. Akachomoa hedifoni kwenye sikio lililokufa, akaizungusha waya yake duara moja juu na moja chini kama alivyofundishwa na mwenyewe, akaitia mfukoni. Kisha akazunguka benchi, akaja upande wa kulia, akainama mpaka pumzi yake ikamgusa, ili neno lisipotee hata moja.

— Nimekuacha leo saa sita mchana, ukasema utakavyo wewe, ukaendelea kukunja waya. Hukufa. Na mimi bado niko hapa nakungoja wewe. Sasa nyanyuka, daktari anafunga saa kumi.